Ngumi Isiyouma

Paka anamfukuza panya hadi jikoni. Panya anageuka, ananyakua kikaango kikubwa kuliko mwili wake na kumtandika paka usoni. Uso wa paka unabaki bapa, nyota zinamzunguka kichwani, meno yanadondoka moja moja. Kisha anatikisa kichwa, uso unarudi ulivyokuwa, meno yamekwisharudi mahali pake, na mbio zinaanza upya. Katuni ya Tom and Jerry, iliyoanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera huko Marekani mwaka 1940, imejaa vituko vya namna hii, na imeenea dunia nzima kwa urahisi kwa sababu wahusika wake wakuu karibu hawasemi. Mtoto wa miaka minne wa Mpwapwa anaifuata sawasawa na mwenzake wa Chicago, bila kuhitaji mkalimani. Anaona nani mjanja, nani mjinga, nani kapigwa na nani kashinda. Asichokiona ni maumivu. Hakuna anayelia kwa dakika zaidi ya moja, hakuna anayepelekwa zahanati, hakuna kovu linalobaki hadi kipindi cha kesho. Hoja ya sura hii ni kwamba madhara ya katuni za kupigana kwa watoto wetu yanaanzia kwenye pengo hilo. Mtoto huiga ngumi, na hilo limethibitishwa. Lakini kinachodumu kuliko kuiga ni imani kwamba anayepigwa haumii, na imani hiyo hustawi zaidi pale ambapo hakuna mtu mzima aliyeketi karibu na mtoto.

Kwa watu wa Dodoma na nyanda za kati katuni za runinga ni jambo jipya kuliko tunavyodhani. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa miongo miwili zaidi bila kituo hata kimoja, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona hiyo ni anasa isiyoifaa nchi maskini. Vituo binafsi vya kwanza vilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Mapema mwaka 2013 Dodoma ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa matangazo ya analojia. Watu wakalazimika kununua ving'amuzi, na ving'amuzi vikaja na chaneli za katuni zinazokesha usiku na mchana. Simu janja zikaja juu yake. Siku hizi hata asiye na bando anazipata: unapeleka flashi kwenye kibanda cha kurushia nyimbo na muvi, unamwambia kijana "niwekee za watoto", naye anakujazia alizonazo kwenye kompyuta yake. Muuzaji haulizi mtoto ana umri gani, mnunuzi naye haulizi ndani yake kuna nini. Na ni vigumu kumlaumu mnunuzi, maana mzazi aliyevuka miaka arobaini na kukulia Kongwa au Bahi hakulelewa na katuni. Kwake picha za kuchorwa ni za watoto, basi, na chochote cha watoto ni salama.

Wakati huohuo mji wenyewe umegeuka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi wapatao 411,000 katika Manispaa ya Dodoma. Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, manispaa ikawa jiji mwaka 2018, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu zaidi ya 765,000. Wengi wa wageni hao ni watumishi, mafundi na wafanyabiashara vijana waliokuja na watoto wadogo na kuwaacha bibi na babu Singida, Mbeya au Mwanza. Baba anapanda daladala alfajiri kwenda kazini Mtumba, mama anawahi sokoni au ofisini, na mtoto anabaki na dada wa kazi ambaye ana vyombo vya kuosha, nguo za kufua na chakula cha kupika. Runinga inawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa jioni. Ndiyo njia rahisi ya kumtuliza mtoto, na mwenye nyumba haoni gharama yake. Kwa hiyo katika jiji hili katuni ziliingia sebuleni katika miaka ileile ambayo watu wazima walikuwa wanatoka. Nitaomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ushahidi wa nje, ukisomwa kwa makini, unarudi hapohapo.

Jaribio maarufu kuliko yote lilifanywa na mwanasaikolojia Albert Bandura katika Chuo Kikuu cha Stanford, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1963. Watoto 96 wa shule ya awali waligawanywa makundi manne. Kundi la kwanza lilimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo kwa ngumi, mateke na nyundo. La pili liliona tendo hilohilo kwenye filamu. La tatu liliona kwenye skrini mwanamke aliyevaa kama paka mweusi, katikati ya mandhari ya kuchorwa yenye rangi kali, yaani katuni ya kutengeneza. La nne halikuonyeshwa lolote. Baadaye kila mtoto aliingizwa kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, na watafiti wakahesabu matendo ya kushambulia. Kundi ambalo halikuonyeshwa kitu lilikuwa na wastani wa 54. Waliomwona mtu ana kwa ana walifikia 83, walioona filamu 92, na walioona paka 99. Sisemi kwamba paka alimshinda binadamu, kwa sababu tofauti kati ya makundi yale matatu si kubwa kiasi cha kujengea hoja. Kinachoonekana wazi ni kwamba rangi na manyoya havikumkinga mtoto. Kuona kwamba "huyu si mtu wa kweli" hakukumzuia kujifunza namna ya kushika nyundo.

Wapinzani walijibu, na jibu lao lina uzito: mwanasesere wa upepo ametengenezwa ili apigwe, na kumpiga yeye si kumpiga mwenzako. Ndiyo maana uchunguzi wa Chris Boyatzis na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995, ni muhimu. Wao waliwaonyesha watoto wa shule ya msingi huko California kipindi kimoja tu cha Power Rangers, ambacho si cha kuchorwa lakini kina mashujaa walewale wa kurukaruka na mateke, kisha wakawatazama wakicheza wao kwa wao. Kwa kila tendo moja la kushambulia miongoni mwa watoto ambao hawakukiona kipindi, walioona walifanya saba, na wavulana ndio waliozidi. Mtu anaweza kusema huo ulikuwa mchezo wa dakika chache. Ni kweli, na kwa dakika chache kuna tiba ya dakika chache: mwalimu anasema "acheni", wanaacha.

Hapa Tanzania tuna ushahidi wa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu unafunga mjadala wa kama katuni hufundisha au hazifundishi. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC mwaka 2014, kisha likaja na Akili and Me kwa watoto wa umri wa chekechea. Profesa Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alipima kipindi hicho cha pili mjini Morogoro, jirani zetu hapa, kwa watoto zaidi ya 500 wa shule za awali, na walioangalia Akili kwa wiki chache waliwazidi wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na kuhesabu. Wazazi na walimu tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini basi tuwe wakweli hadi mwisho. Ikiwa mtoto wa Morogoro anaweza kujifunza namba kutoka kwa msichana wa kuchorwa aliye usingizini, akizungukwa na wanyama wanaozungumza, hakuna sababu ya kuamini kwamba mtoto wa Nkuhungu, hapa Dodoma, hajifunzi chochote kutoka kwa shujaa wa kuchorwa anayemaliza kila ugomvi kwa kipigo. Ubongo wa mtoto hauna mlango mmoja wa masomo na mwingine wa burudani.

Anajifunza nini hasa? Hapa ndipo lile pengo la maumivu linapoingia. Uchambuzi mkubwa wa vipindi vya televisheni uliofanywa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika asilimia 73 ya matukio ya ukatili aliyeumiza hakuadhibiwa wala kulaumiwa. Katika katuni hali ni nzito zaidi kwa sababu kipigo hufuatwa na kicheko. Na watoto wenyewe, wakiulizwa kama katuni za vichekesho zina ukatili, mara nyingi husema hazina. Hawadanganyi. Kwao hakuna aliyeumizwa. Bandura aliligusa jambo hili mwaka 1965, alipowaonyesha watoto mpigaji akituzwa, akiadhibiwa, au akiachwa tu. Walioona adhabu waliiga kidogo. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe walichokiona, tofauti ilitoweka: wote walikuwa wamejifunza. Walichotofautiana ni kufahamu kama tendo lile lina gharama. Katuni ya kikaango inafundisha tendo, halafu inaficha gharama.

Muda mrefu ukipita, fundisho hilo linaweza kukaa. Rowell Huesmann na wenzake waliwafuatilia watoto wa eneo la Chicago waliohojiwa mwaka 1977, na baada ya miaka kumi na mitano wakafanikiwa kupata taarifa za vijana 329 kati yao. Waliokuwa wameangalia ukatili mwingi utotoni walielekea zaidi kuwa wagomvi ukubwani, wanaume kwa wanawake, hata baada ya kuzingatia kipato cha wazazi na uwezo wa akili. Ila uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa mtoto aliyejifananisha na mpigaji, na kwa aliyeamini kwamba anachokiona ndivyo maisha yalivyo. Hapo mtetezi wa katuni atasema: vema, nani anayeamini kwamba paka anayegeuka bapa ndivyo maisha yalivyo? Mtoto wa miaka kumi haamini, na kwake ninakubali kwamba katuni ya vichekesho ina hatari ndogo. Mtoto wa miaka mitatu au minne bado hajaweka mpaka huo. Na ndiye anayekaa mbele ya runinga tangu asubuhi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka nyumbani. Wazee watasema kwamba hadithi zetu nazo zilijaa vipigo. Fisi alichomwa moto, alitumbukizwa shimoni, alidanganywa hadi akakata mkia wake mwenyewe. Sungura hakuwahi kufikishwa kwenye baraza la wazee. Watoto wa Ugogo, Urangi na Unyaturu walizisikia kila jioni, wakakua watu wazima wenye huruma zao. Ni kweli, na anayelipita pingamizi hili haraka hajalielewa jambo lenyewe. Tofauti ipo kwa msimuliaji. Bibi anayesimulia pembeni ya moto anaziona nyuso zilizo mbele yake. Akiona mdogo ameogopa, anapunguza makali. Akiona mkubwa amemcheka Fisi kupita kiasi, anamgeuzia swali. Mtoto akiuliza "sasa Fisi aliumia?" anajibiwa palepale, na jibu hilo ni sehemu ya hadithi. Tena picha ya Fisi akiungua inatengenezwa na mtoto mwenyewe kichwani, kwa kiasi anachoweza kukibeba, mara moja kwa jioni, kisha watu wanalala. Runinga haimwoni mtoto, haiulizwi swali, na inaweza kurudia kipigo kilekile mara nyingi kabla ya chakula cha mchana. Ukatili wa Sungura ulikuja na mtu mzima kando yake. Huu wa sasa umekuja peke yake.

Mahali pawili duniani pamelipima jambo hili karibu kwa bahati. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, mtafiti Tannis MacBeth Williams aliupata mji mdogo ambao, kwa sababu ya milima, haukuwa na televisheni hadi mwaka 1973. Watoto walichunguzwa kabla ya mitambo kufika na tena miaka miwili baadaye, na ugomvi wao, wa mikono na wa maneno, ulikuwa umepanda kwa wavulana na wasichana. Katika kisiwa cha St Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki ya kusini, matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1995. Kundi la Tony Charlton liliweka kamera kwenye viwanja vya shule kabla na baada, likisubiri kuona balaa lilelile. Halikuliona. Tabia za watoto hazikuharibika. Wanaopinga utafiti wa ukatili hulitaja St Helena kama rungu la mwisho, na wanaouunga mkono huutaja ule mji wa Kanada tu. Nadhani pande zote mbili zinakosea kwa kuacha nusu. St Helena ni kisiwa cha watu elfu chache wanaofahamiana wote. Mtoto akimsukuma mwenzake, kabla hajafika nyumbani mama yake amekwishapata habari. Watafiti wenyewe waliona kwamba macho hayo ya jamii huenda ndiyo yaliyomzuia mtoto kukitumia kile alichokiona. Kijiji cha Kondoa cha miaka thelathini iliyopita kingeweza kuwa St Helena. Mtaa mpya wa Iyumbu, ambako jirani amehamia mwezi uliopita na geti limefungwa mchana kutwa, hauwezi.

Wapo wasomi, kama Jonathan Freedman wa Toronto na Christopher Ferguson wa Marekani, wanaosema kwamba matokeo yote haya ni madogo mno, na kwamba uhalifu wa vijana Marekani ulishuka katika miaka ileile ambayo picha za ukatili ziliongezeka. Nakubali kwamba hakuna mtoto aliyegeuka muuaji kwa sababu ya katuni peke yake, na vichwa vya habari vinavyosema hivyo vinapotosha. Lakini takwimu za mauaji zinapima kitu kingine kabisa. Mwalimu wa chekechea mwenye watoto sitini darasani hashughulikii mauaji. Anashughulikia vidole vilivyong'atwa, penseli iliyochomwa mgongoni mwa mwenzake, na mvulana anayeshangaa kwa dhati kwamba aliyempiga teke bado analia. Mabadiliko madogo kwa kila mtoto, ukiyazidisha kwa darasa zima, ni siku nzima iliyopotea. Wala sitaki kuchanganya hili na mieleka ya watoto wa kiume, ambayo ni ya kale na ina faida zake. Katika mieleka wanacheka, wanapokezana, na mwenye nguvu anajilegeza ili mchezo uendelee. Anajilegeza kwa sababu anajua kwamba mwenzake anaweza kuumia.

Wengine watauliza kwa nini tunahangaika na michoro wakati mtoto anachapwa kwa fimbo ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Pingamizi hili ni zito, na anayeandika juu ya katuni akanyamazia fimbo anakwepa. Lakini mambo haya mawili hayashindani, yanasaidiana. Fimbo inamwambia mtoto kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, katuni inamwambia kwamba anayepigwa atainuka bila jeraha, na akiyaunganisha hayo mawili amepata elimu kamili ya uonevu. Mtoto anayechapwa nyumbani ndiye anayehitaji zaidi kuonyeshwa sura nyingine ya ugomvi.

Sheria tunazo. Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri, na kanuni za maudhui ya utangazaji za mwaka 2018 zinawataka wenye vituo wawalinde watoto. Kanuni hizo haziingii kwenye flashi, wala kwenye kibanda umiza, ambako kwa kiingilio kidogo mtoto anakaa benchi moja na watu wazima akiangalia mapigano yaliyotafsiriwa kwa mbwembwe, kila kichwa kinachopasuka kikipewa utani. Maofisa watendaji wa mitaa wanaweza kuvidhibiti vibanda hivyo saa za masomo, na wafanye hivyo. Ila sioni polisi akiingia sebuleni kwa mtu.

Sebuleni yapo mambo mawili yaliyojaribiwa yakafaa. Mjini Seattle, Dimitri Christakis na wenzake walizigawa familia 565 zenye watoto wa umri wa chekechea. Nusu yao hawakuambiwa wapunguze saa za runinga. Walisaidiwa tu kubadili vipindi vya kupigana kwa vipindi vya kufundisha na kusaidiana. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha tabia bora baada ya miezi sita, na walionufaika zaidi ni wavulana wa familia zenye kipato cha chini. Jambo la pili ni jepesi zaidi. Mwaka 2000 Amy Nathanson na Joanne Cantor waliwaonyesha wanafunzi wa shule ya msingi katuni ya ndege Woody Woodpecker akimtesa mtu. Baadhi yao waliombwa kabla ya kuanza wafikirie anayeteswa anajisikiaje. Wavulana walioangalia bila kuambiwa kitu walionyesha ukali zaidi baadaye, lakini walioombwa kufikiria maumivu hawakuonyesha ongezeko hilo. Katuni ilikuwa ileile, skrini ileile. Kilichoongezeka ni sentensi moja ya mtu mzima.

Sentensi hiyo, kwa nyumba nyingi za Dodoma, itasemwa na dada wa kazi au haitasemwa kabisa. Yeye ndiye aliyepo saa nne asubuhi. Mara nyingi ametoka kijiji cha Chamwino, Bahi au Chemba, na hadithi za Sungura na Fisi anazijua kuliko mwajiri wake. Anaweza kuketi dakika kumi, aulize "huyo paka hajaumia kweli?", na kuweka Akili and Me badala ya roboti wanaorushiana moto. Lakini anaajiriwa kwa kazi za jiko, analipwa kwa kazi za jiko, na akionekana ameketi mbele ya runinga na mtoto anaitwa mvivu. Mwenye nyumba anayetaka mtoto wake asilelewe na kikaango itabidi ampunguzie ndoo moja ya nguo, amwonyeshe vipindi vinavyofaa, na amwambie waziwazi kwamba kuketi na mtoto nako ni kazi anayolipwa.